Umejuaje? Swali la kwenda nalo Isimila na Kalenga

Basi la wanafunzi linalotoka Mbeya au Mafinga kwenda Mikumi kutazama tembo hupita karibu kabisa na korongo la Isimila, kilomita zipatazo 20 kabla ya Iringa mjini, na ni rahisi lipite bila hata kupunguza mwendo. Simlaumu tembo. Mnyama anajieleza mwenyewe: ukimwona, umemwona. Korongo lenye mawe halijielezi, na mwalimu anayehofu kwamba wanafunzi wake watashuka, watapiga picha, watauliza choo kiko wapi na kurudi kwenye viti vyao ana haki ya kujiuliza kama michango ya wazazi imetumika vizuri. Hoja yangu ni kwamba kasoro ya ziara hizi iko kwenye kazi wanayopewa wanafunzi. Tunawapeleka kuona. Mahali pa kale humfaa mwanafunzi anapopelekwa kuhoji: hili tunaloambiwa, limejulikanaje? Kwa swali hilo siku moja inatosha, na pembezoni mwa mji wa Iringa kuna vituo viwili vinavyolijibu kwa njia tofauti kabisa. Kimoja hakina hata neno moja lililoandikwa. Kingine kimezungukwa na maandishi mengi, yakiwemo ya mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Tuanze na Isimila, maana ndiko ugumu uliko. Mwaka 1951 mpita njia kutoka Afrika Kusini, D. Maclennan, aliokota kwenye korongo hilo mawe yaliyochongwa. Mwaka 1957 na 1958 kikosi cha Chuo Kikuu cha Chicago, akiwamo F. Clark Howell pamoja na Maxine Kleindienst na Glen Cole, kilichimba hapo na kukuta zana kwa wingi wa kushangaza: mashoka ya mkono yenye kitako kinene na ncha upande wa pili, na mapande mapana yenye makali ya kupasulia. Zana za jamii hiyo zimepatikana pia Olduvai, na Olorgesailie kule Kenya. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza yote hayo hugeuka kuwa mstari mmoja wa daftari: Isimila, Iringa, Zama za Mawe. Akifika pale na mstari huo kichwani, ataona mawe, na mawe ameshayaona kwao.

Sasa mwambie athibitishe kwamba jiwe lile ni shoka. Hapo ndipo somo linapoanza. Jiwe lililopasuliwa na jua au kubingirishwa na mto huvunjika ovyo. Jiwe lililogongwa kwa makusudi huonyesha alama: pigo likitua karibu na ukingo, kipande hubanduka na kuacha kovu lenye kina kidogo, laini kama ndani ya ganda la kombe, na kipande chenyewe hubaki na uvimbe mdogo chini ya mahali pigo lilipotua. Kovu moja laweza kuwa bahati tu. Makovu mengi yanayofuatana kwenye kingo zote mbili, mbele na nyuma, mpaka kingo zikutane kwenye ncha, ni vigumu kuyaita bahati. Likionekana jiwe la pili la namna hiyo hiyo, na la tatu, na rundo zima, mwanafunzi amekwisha kufikia hitimisho mwenyewe: hapa pamepita mkono wa mtu. Hakuna aliyemwambia. Kwa kijana wa miaka 14 huo ni ushindi mkubwa kuliko kukariri orodha ya vituo vyote vya Zama za Mawe vya Afrika Mashariki, na ndio msingi wa taaluma nzima ya akiolojia.

Aendelee: nani kasema ni za kale, na za kale kiasi gani? Atakutana na jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulikwepa, yaani namba iliyobadilika. Makadirio ya zamani yaliiweka Isimila kwenye miaka kama 60,000 iliyopita, na namba hiyo bado inatajwa. Mwaka 1972 Howell na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mfupa uliotoka huko kwa njia ya urani, madini ambayo huoza na kugeuka kuwa mengine kwa kasi inayojulikana, wakapata takriban miaka 260,000. Tofauti ya namba hizo mbili ni zaidi ya mara nne. Na kipimo hicho nacho kina mashaka yake, kwa sababu mfupa hunyonya urani kutoka kwenye maji ya ardhini, na haijulikani kwa urahisi ulianza lini kunyonya na uliacha lini. Mwanafunzi aliyekariri namba ya kwanza hana kosa. Amepunjwa na aliyempa namba bila kumpa njia iliyoizaa, kwa maana siku namba itakapobadilika tena atadhani wataalamu wanabahatisha, na atakayekuja na namba ya uongo mtandaoni atamshinda kwa urahisi.

Kwenye udongo wa Isimila imekutwa pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalikaa juu sana ya kichwa, kiasi cha kuchungulia huku mwili wote uko majini. Leo miguu yako inazama kwenye mchanga mkavu. Kiboko haishi mchangani, kwa hiyo palikuwa na maji. Hata hilo mwanafunzi atalifikia kabla mwongozaji hajafungua kinywa, mradi tu mwongozaji akubali kusubiri. Kisha linakuja swali gumu zaidi, ambalo limewashughulisha wanaakiolojia kwa miaka mingi: kama maji yalikuwepo, je, zana zililala pale zilipoachwa na wenyewe, au ziliokotwa na mafuriko na kurundikwa pamoja? Jibu linageuza hadithi yote, maana katika hali ya kwanza tunatazama mahali watu walipofanyia kazi, na katika ya pili tunatazama jaa la mto. Mfupa wa mtu haukupatikana pamoja na zana hizo, kwa hiyo michoro ya kitabuni inayoonyesha sura za waliozichonga imetolewa kwingine. Mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi.

Nguzo ndefu za udongo, ambazo ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu kingine chochote Isimila, hazikujengwa na mtu. Maji ya mvua yameumega udongo pande zote na kuziacha zimesimama. Zinapendeza, na si dhambi kupiga picha. Lakini nguzo hiyo hiyo ni ukurasa wa kusoma: tabaka la chini liliwekwa kabla ya la juu, na kitu kinachochomoza chini ni cha zamani kuliko kinachochomoza juu yake, isipokuwa kama kuna kilichofukua. Kanuni hiyo moja, ikieleweka kwa macho, humwezesha mwanafunzi kuelewa ripoti ya uchimbaji wa Kilwa, wa Engaruka au wa mahali pengine popote.

Saa sita mchana basi lirudi mjini, wanafunzi wale, kisha liingie barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kilomita kama 15 hivi kuna Kalenga, iliyokuwa ngome na makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Hapa ushahidi unafurika. Tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga na kuiteka Kalenga. Mkwawa alitoka na kuendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi badala ya kutekwa. Wajerumani walimkata kichwa, na inasemekana fuvu lilipelekwa Ujerumani. Kati ya ukuta wa ngome na fuvu, kilichobaki kingi cha kuonekana leo ni fuvu, lililomo ndani ya makumbusho madogo ya Kalenga, na macho ya wanafunzi huenda huko moja kwa moja.

Na hapo swali lile lile, umejuaje, linakuwa zito. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi ikawa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka kwenye koloni la zamani la Ujerumani Afrika Mashariki. Mafuvu hayo yalipimwa, vipimo vikalinganishwa na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, na moja likachaguliwa. Mwaka 1954 likarudishwa na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanahistoria waliouliza kama uwiano wa urefu na upana wa kichwa unatosha kulitambua fuvu la mtu mmoja kati ya mengi yaliyokusanywa katika nchi ile ile. Ni swali halali. Uwiano huo unaweza kukutwa kwa watu wengi wasio na undugu wowote.

Mwanafunzi aliyetoka Isimila asubuhi ana vifaa vya kulipokea jambo hili. Kule aligundua kwamba jiwe haliwezi kusema lolote mpaka liulizwe. Hapa anagundua kwamba kila karatasi ina aliyeiandika na ina alichokitaka. Twining alikuwa na sababu za kutaka sherehe ya mwaka 1954 ifane: huo ndio mwaka TANU ilipoanzishwa, na nchi jirani ya Kenya ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau. Waingereza walioandika kifungu cha 246 nao hawakuwa wamepatwa na huruma ya ghafla kwa Wahehe. Walikuwa wanamdhalilisha adui aliyeshindwa. Masimulizi ya ukoo yana heshima ya kulinda. Ripoti za Wajerumani zina aibu ya kuficha. Kila shahidi apewe nafasi, na kila mmoja aulizwe maslahi yake. Huko Lugalo umesimama mnara wa kumbukumbu, na ni wa Wajerumani walioshindwa, waliopata uwezo wa kuujenga baada ya kurudi. Mwanafunzi akiambiwa hilo atajua mara moja kwamba wingi wa alama ardhini hautupi hesabu ya haki ya nani alikuwa nani.

Pingamizi la kwanza, ambalo ndilo lenye uchungu, litatoka kwa wazazi na wazee: kwa nini tumfundishe mtoto kulitilia shaka fuvu la shujaa? Je, hatumwondolei hata kile kidogo cha kujivunia? Nalichukua kwa uzito, na ninaamini mwanafunzi anapaswa kuingia katika chumba kile kwa adabu ya mtu anayeingia msibani. Lakini tazama shaka hiyo inaishia wapi. Ushindi wa Lugalo hautegemei fuvu. Wajerumani wenyewe waliuandika, nao hawakuwa na faida yoyote ya kuuzua. Miaka minne ya kuwindwa bila kukamatwa haitegemei fuvu. Dai la kichwa kurudishwa lilikuwepo kweli, kifungu cha mkataba kipo, na kitendo cha kumkata marehemu kichwa kiwe nyara hakina ubishi. Mwanafunzi akijifunza kutenga lililo na hakika na lenye mjadala, yale ya hakika yanazidi kukaza. Anayefundishwa kwamba yote ni sawa, yaaminiwe yote kwa pamoja, ndiye atakayeyatupa yote kwa pamoja siku atakaposikia kwamba moja lina walakini. Sifa ya Mkwawa inaweza kustahimili swali la Kidato cha Pili. Ilistahimili mizinga.

Pingamizi la mtihani ni la kweli zaidi kuliko watunga sera wanavyokiri. Mwalimu wa historia ana mada za kumaliza, na Baraza la Mitihani halitamuuliza mtoto alijisikiaje korongoni. Siku nzima ya ziara ni vipindi kadhaa vilivyopotea, na masomo mengine yanalalamika. Hata hivyo mada ya kwanza kabisa anayofundishwa mwanafunzi wa historia wa Kidato cha Kwanza imekuwa kwa miaka mingi vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, maeneo ya kihistoria, akiolojia, makumbusho. Anafundishwa faida na hasara za kila chanzo kama orodha, akiwa hajawahi kukitumia hata kimoja. Siku ya Isimila na Kalenga inavigusa vyote vitano. Na sasa kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili na unasema unataka umahiri, Baraza nalo liulizwe: umahiri wa historia utapimwaje bila kumpa mtahiniwa ushahidi aupime? Swali moja lenye picha ya zana, mchoro wa tabaka na namba mbili zinazopingana lingebadilisha ufundishaji haraka kuliko waraka wowote.

Gharama siwezi kuipuuza, na sitajifanya mafuta ya basi ni bure. Shule ya Mtwara haina sababu ya kusafiri mpaka Iringa. Lakini hoja hii haina mkataba na Iringa peke yake. Shule za Kondoa zina michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Bagamoyo kuna magofu ya Kaole, Monduli kuna Engaruka na mashamba yake ya kale yenye mifereji ya mawe, Migori nchini Kenya kuna kuta za Thimlich Ohinga. Hata Iringa kwenyewe, mwamba wa Igeleke wenye michoro uko karibu na mji, na shule za jirani zinaweza kuufikia kwa miguu. Kinachogharimu fedha nyingi ni tabia ya kuona kwamba ziara haikuwa ziara mpaka ivuke mikoa mitatu. Wanaosema picha za mtandaoni zinatosha nitawajibu kwa kifupi: picha imeshamchagulia mtazamaji cha kuona, na kazi ya kuchagua ndiyo tunayotaka aifanye yeye.

Pingamizi linalonitatiza kuliko yote hutolewa mara chache, nalo ni la mahali penyewe. Miguu mingi inabomoa. Nguzo za Isimila ni udongo, na vidole vya watoto vyenye misumari vimeandika majina kwenye kuta za maeneo mengi ya kale nchini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki haya, lakini hakuna mlinzi anayeweza kukagua mifuko ya wanafunzi mia moja. Kwa hiyo ndiyo, ziara mbaya ina madhara makubwa kuliko kutokuwepo ziara, na shule isiyoweza kugawa wanafunzi wake katika makundi madogo ibaki nyumbani. Ila mwanafunzi anayeambiwa tu usiguse ataokota akigeukiwa mgongo. Aliyekwisha kuelewa kwamba jiwe likitoka kwenye tabaka lake linapoteza umri wake, jirani zake na nusu ya ushahidi wake, huyo ana sababu yake mwenyewe ya kuliacha, na huwa wa kwanza kumkemea mwenzake. Elimu ya ushahidi ndiyo hifadhi ya bei rahisi tuliyo nayo.

Kinachohitajika kabla ya safari ni kidogo. Mwalimu apunguze maswali ya karatasi yawe matatu au manne, yote yaulize njia na yasiulize tarehe. Waongozaji wa vituo hivi, ambao wengi wao wanajua mengi kuliko wanavyopewa muda wa kusema, waombwe mapema wasianze kwa kuhutubia. Simu zikae kwenye basi kwa saa ya kwanza. Baada ya kurudi, ile insha ya kusimulia tuliamka, tukapanda, tukafika, tukala, ifutwe kabisa, na badala yake kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa kutetea dai moja: kwamba mawe ya Isimila ni zana, au kwamba fuvu la Kalenga ni la Mkwawa, au kwamba haiwezekani kuwa na hakika. Asahihishwe kwa uzito wa ushahidi wake hata kama mwalimu hakubaliani na alikofikia.

Wakuu wa shule watashawishika kuongeza Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa bila kichwa na ambako pango lililo karibu limetoa mabaki ya watu wa Zama za Mawe, au Boma la Iringa, au kupita Lugalo jioni ili kila mtu aseme amefika. Wasiongeze. Isimila asubuhi, Kalenga alasiri, na saa mbili tulivu kwa kila kimoja. Hayo mengine yasubiri mwaka ujao, na mwaka huu michango ya wazazi itumike kwa vituo hivyo viwili.